Kuzitambua haraka programu zilizo wazi kwenye upau wa kazi wa Windows

Upau wa kazi, ule ukanda wa chini wenye kitufe cha Start na saa, umebebeshwa kazi mbili: kushika ikoni za programu ulizobandika, na kuonyesha madirisha yaliyo wazi. Tangu Windows 7 ilipotoka mwaka 2009 vitu hivyo viwili hukaa safu moja, na kila toleo jipya limezidi kufifisha tofauti kati ya ikoni iliyolala na ile inayofanya kazi. Windows 7 iliizungushia programu iliyo wazi kisanduku. Windows 10 ikabakiza mstari chini ya ikoni. Windows 11 imeukata mstari wenyewe hadi kipande kifupi cha kijivu, chembamba kuliko ikoni iliyo juu yake. Dirisha unalolitumia muda huo ndilo pekee linalopata mstari mrefu kidogo wenye rangi.

Mwenye programu tatu hatalalamika. Karani mwenye vitabu vinne vya Excel, vivinjari viwili, WhatsApp na mfumo wa mauzo, kwenye laptopu aliyoipunguza mwanga ili betri idumu, anabahatisha tu. Anabofya ikoni akidhani anarudi kwenye dirisha, kumbe anafungua programu upya.

Wengi huanza kwa kubadilisha rangi. Rangi husaidia, lakini iache ije baadaye. Kinachobadilisha mambo hasa ni kupunguza ikoni zilizobandikwa na kurudisha majina ya madirisha. Ukifanya hayo mawili tu ukaishia hapo, umeshapata sehemu kubwa ya faida.

Majina ya menyu hapa yameachwa kama yanavyosomeka kwenye Windows ya Kiingereza, ndiyo iliyo kwenye kompyuta nyingi. Kama yako iko kwa Kiswahili, mpangilio wa kurasa ni uleule.

Jua toleo ulilonalo

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, kisha Enter. Kidirisha kitakuonyesha toleo. Kwenye Windows 11 toleo la 21H2 chaguo la kuonyesha majina halimo kabisa: Microsoft waliliondoa mfumo huo ulipotoka Oktoba 2021, wakalirudisha kwa masasisho ya mwishoni mwa 2023. Ukiona 23H2 au toleo la juu zaidi, unalo. Ukiona 21H2 au 22H2, fungua Windows Update kwanza usasishe, maana huenda hatua kuu ya mwongozo huu isionekane kwako. Windows 10 haikuwahi kulipoteza.

Bandua usizozitumia

Bofya kulia kwenye ikoni, chagua Unpin from taskbar. Programu haifutwi; inabaki kwenye Start na unaweza kuibandika tena wakati wowote. Bakiza zile unazozifungua kila siku, tano au sita. Laptopu mpya huja na duka la programu, barua pepe ambayo hujawahi kuisajili, na pengine programu mbili tatu za kampuni iliyoitengeneza. Ondoa zote hizo.

Vipo vitu visivyobanduka kwa njia hiyo: kisanduku cha kutafutia, Task view na Widgets. Hivi huondolewa kwenye Settings, kisha Personalization, kisha Taskbar, sehemu ya juu. Kwenye Search chagua Hide, na vilivyobaki zima swichi zao. Hupotezi chochote kwa kuficha kisanduku cha kutafutia, kwa sababu ukibonyeza kitufe cha Windows na kuanza kuandika, utafutaji unafanya kazi kama kawaida. Kisanduku hicho kikiachwa wazi kinakula nafasi ya madirisha yenye majina.

Kuna hatua kali zaidi, nayo tunaipendekeza kwa mtu mwenye uoni hafifu au mzee anayejifunza kompyuta: bandua zote, usibakize hata moja. Programu zifunguliwe kutoka Start. Kuanzia hapo, chochote kinachoonekana kwenye upau ni kitu kilicho wazi, na hakuna haja ya kuchungulia mstari wowote.

Rudisha majina ya madirisha

1. Bofya kulia mahali patupu kwenye upau wa kazi, chagua Taskbar settings.
2. Shuka chini hadi Taskbar behaviors, bofya ifunguke.
3. Tafuta Combine taskbar buttons and hide labels. Kwenye orodha yake chagua Never.
4. Kama umeunganisha skrini ya pili, chini yake kuna chaguo kama hilo kwa ajili ya upau wa skrini nyingine. Libadilishe pia, maana kila moja linajitegemea.

Hakuna kitufe cha kuhifadhi. Mabadiliko yanatokea papo hapo. Kwenye Windows 10 njia ni ileile hadi ukurasa wa Taskbar, na huko chaguo linaitwa Combine taskbar buttons.

Tazama kilichotokea. Programu iliyobandikwa lakini haijafunguliwa imebaki ikoni tupu, na iliyofunguliwa imepata kitufe kirefu chenye jina. Sasa jina ndilo alama. Huhitaji kutofautisha kijivu na bluu, wala kusogeza uso kwenye skrini: chenye maandishi kiko wazi, kisicho na maandishi kimefungwa. Tena vitabu vyako vinne vya Excel, vilivyokuwa vimejificha nyuma ya ikoni moja ya kijani, sasa ni vitufe vinne vinavyosomeka.

Gharama yake ni nafasi. Kwenye Windows 11, skrini ikiwa kwenye ukubwa wa asilimia 100, ikoni tupu huchukua pikseli 44 kwa upana. Kitufe chenye jina huchukua mara tatu hadi nne ya hapo. Skrini ya 1366 kwa 768, ambayo bado imejaa kwenye laptopu zilizotumika, ukitoa Start na kona ya saa inabaki na takriban pikseli 1,000. Hapo unapata madirisha sita au saba yenye majina kabla mambo hayajaanza kubanana. Na kama umepandisha ukubwa wa maandishi hadi asilimia 125 kwenye Display, skrini hiyohiyo inahesabika kana kwamba ina upana wa pikseli 1,093, kwa hiyo ondoa dirisha moja au mawili kwenye hesabu.

Nafasi ikiisha, Windows 11 huyaficha madirisha ya mwisho kwenye kitufe chenye vidoti vitatu. Hilo ni baya kuliko ugonjwa tuliokuwa tunautibu, kwa sababu sasa dirisha halionekani kabisa. Ukiona vidoti hivyo vinajitokeza kila siku, rudi kwenye hatua ya 3 uchague When taskbar is full: majina yanaonekana nafasi ikiwepo, na ikijaa madirisha ya programu moja yanaunganishwa. Always, ambalo ndilo chaguo ulilolikuta, liachie wenye kufungua madirisha ishirini kwa mpigo.

Kwenye Windows 10 una njia nyingine. Bofya kulia kwenye upau, ondoa alama ya tiki kwenye Lock the taskbar, kisha shika ukingo wake wa juu uuvute hadi uwe na safu mbili. Au ushike mahali patupu uuburute hadi ubavuni mwa skrini. Ukisimama wima, majina hupangwa moja chini ya jingine na hata madirisha kumi na mbili husomeka bila shida. Kwenye skrini pana huo ndio mpangilio bora kuliko yote. Windows 11 ilipotoka iliufuta.

Lipe faili jina linalosomeka mwanzoni

Hapa ndipo wengi wanapokwama baada ya kuwasha majina. Kitufe kinaonyesha herufi za mwanzo tu, kisha kinakata. Ukiwa na faili tatu zinazoitwa "Ripoti ya mauzo ya duka Januari", "Ripoti ya mauzo ya duka Februari" na "Ripoti ya mauzo ya duka Machi", upau utakuonyesha "Ripoti ya mauz…" mara tatu. Majina yamerudi, na bado hujui kipi ni kipi.

Anza na kinachotofautisha: "Januari mauzo", "Februari mauzo", "Machi mauzo". Ukitaka faili zijipange zenyewe kwa mwezi ndani ya folda, tanguliza namba: "01 Jan mauzo". Kanuni ni hiyohiyo kwa Word, na kwa programu nyingi zinazotanguliza jina la faili kwenye kichwa cha dirisha.

Folda zilizofunguliwa kwenye File Explorer nazo huonyesha jina la folda, kwa hiyo folda tano zinazoitwa "Mpya" hazitakusaidia.

Sogeza ikoni kushoto

Kwenye Taskbar behaviors kuna Taskbar alignment. Badilisha Center iwe Left. Ikoni zikiwa katikati, kila unapofungua dirisha jipya safu nzima inasogea kutafuta mizani, na ile ikoni ya kivinjari iliyokuwa hapa inahamia pale. Mkono hauwezi kuzoea kitu kinachohama. Zikiwa kushoto, safu nzima haihami kila unapofungua programu mpya, zinazoongezeka zinaingia kulia, na baada ya wiki moja unabofya bila kutazama. Ni mpangilio mdogo unaodharauliwa.

Ukurasa huohuo una Automatically hide the taskbar. Hakikisha limezimwa. Kwenye masasisho ya karibuni liko pia chaguo la kupunguza ukubwa wa vitufe, Show smaller taskbar buttons. Ukilikuta, weka Never.

Sasa rangi

Nenda Settings, Personalization, Colors. Ukurasa huu una mitego mitatu.

Wa kwanza ni wa Choose your mode. Ikiwa Light, upau unakuwa mweupe na kile kipande cha kijivu chini ya ikoni kinamezwa. Ikiwa Dark, kila dirisha linakuwa jeusi, na si kila mtu anapenda kusoma hivyo. Chagua Custom. Yatatokea maswali mawili: Windows mode weka Dark, app mode weka Light. Upau unakuwa mweusi, nyaraka zako zinabaki nyeupe.

Wa pili uko kwenye Accent color. Ikiwa Automatic, Windows huchagua rangi kutoka kwenye picha ya ukutani. Kama umeweka picha zinazobadilika zenyewe, rangi ya mstari nayo itabadilika kila picha inapobadilika, leo kahawia, kesho zambarau iliyofifia. Weka Manual, kisha chagua rangi kali isiyofanana na ikoni zako. Ikoni nyingi za kawaida ni bluu: Edge, Word, Outlook, hata rangi ya mstari iliyokuja na Windows. Kwa hiyo rangi ya chungwa, manjano au waridi kali huonekana vizuri zaidi juu ya upau mweusi.

Mtego wa tatu ndio unaowanasa wanaofuata video za haraka haraka. Swichi ya Show accent color on Start and taskbar inapaka upau mzima rangi uliyochagua. Inapendeza, lakini mstari unaoonyesha dirisha lililo wazi unatoka katika jamii ya rangi ileile, hivyo chungwa inakaa juu ya chungwa. Iache imezimwa. Upau uwe mweusi, mstari uwe na rangi. Ukikuta swichi hiyo imefifia na haibofyeki, ni kwa sababu Windows mode yako iko Light.

Zima pia Transparency effects kwenye ukurasa huohuo, ili picha ya ukutani isipenye nyuma ya ikoni.

Mwenye uoni hafifu sana, au asiyetofautisha nyekundu na kijani, atapata zaidi kwenye Settings, Accessibility, Contrast themes. Kuna mada nne: Aquatic, Desert, Dusk na Night sky. Njia ya mkato ni Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Print Screen kwa pamoja. Ukizibonyeza tena unarudi ulikotoka. Onyo: mada hizi zinabadilisha rangi za kila kitu, hata kurasa za intaneti, kwa hiyo hazifai kwa anayefanya kazi ya picha.

Kivinjari, shimo linalomeza kila kitu

Mtu mwenye vichupo ishirini ndani ya Chrome anaonekana kwenye upau kama mwenye kitu kimoja. Hakuna mpangilio wa Windows utakaomsaidia. Kuna njia mbili.

Ya kwanza ni kugawa madirisha kwa kazi na kuyapa majina. Vuta kichupo ukiachie nje, kitakuwa dirisha jipya. Kisha fungua menyu ya vidoti vitatu, More tools, Name window, uandike MAUZO au BARUA au BENKI. Jina hilo ndilo litakalosomeka kwenye upau badala ya kichwa cha ukurasa kinachobadilika kila ukibofya kiungo. Edge nayo ina kitu hicho.

Ya pili ni kuigeuza tovuti kuwa programu. Inafaa kwa ukurasa unaokaa wazi siku nzima, kama mfumo wa malipo au barua pepe ya ofisi. Kwenye Chrome fungua menyu, Cast, save and share, kisha Install page as app. Kwenye Edge tafuta Apps ndani ya menyu, kisha Install this site as an app. Tovuti inapata ikoni yake na dirisha lake, na haizami tena kati ya vichupo. Ukiichoka, fungua dirisha lake, nenda kwenye menyu yake uifute. Tovuti yenyewe haiguswi.

Vitufe vya kufikia dirisha bila kulitafuta

Windows na namba 1 hadi 9 hufungua au kurudia programu kwa nafasi yake kwenye upau, ukihesabu kutoka kushoto. Ongeza Ctrl, yaani Windows, Ctrl na namba, utapelekwa kwenye dirisha la mwisho ulilotumia la programu hiyo. Windows na T hukutembeza kwenye vitufe vya upau kimoja kimoja. Kama umeamua kuyaacha madirisha yameunganishwa, shikilia Ctrl huku ukibofya ikoni: kila mbofyo unaleta dirisha linalofuata, huna haja ya kusubiri vile vipicha vidogo. Jihadhari na Shift: Shift na mbofyo hufungua programu upya.

Mambo yanayokwenda mrama

*Ikoni ya programu moja inaonekana mara mbili, ya kubandikwa na ya iliyo wazi.* Njia ya mkato uliyobandika haielekezi kwenye programu yenyewe. Inaelekeza kwenye kizinduzi au kisasishaji kinachoiita programu halisi, na Windows inaviona ni vitu viwili. Bandua ya zamani, fungua programu, kisha bofya kulia ikoni iliyojitokeza uchague Pin to taskbar. Programu zilizoandikwa kwa Java husumbua zaidi hapa, kwa sababu mara nyingi zote huendeshwa na faili moja, javaw.exe, na Windows huweza kuzikusanya chini ya ikoni moja.

*Programu iko wazi lakini haipo kwenye upau.* Kuna sababu mbili za kawaida. Inawezekana imejificha kwenye kona ya saa: programu nyingi za gumzo hazifungi ukibofya alama ya X, zinahamia huko tu. Bofya kimshale kinachoelekea juu. Ukitaka ikoni hiyo ionekane daima, kwenye Taskbar settings fungua Other system tray icons uwashe swichi yake. Au dirisha liko kwenye eneo-kazi jingine, ulilolifungua pengine bila kukusudia kwa kubonyeza Windows, Ctrl na D. Bonyeza Windows na Tab uone maeneo-kazi yote. Ili hali hiyo isikutatize tena, nenda Settings, System, Multitasking, Desktops, na kwenye swali la madirisha yapi yaonekane kwenye upau chagua On all desktops.

*Kitufe kipo, unabofya, hakuna kinachotokea.* Dirisha limebaki kwenye skrini uliyokwisha kuichomoa, mara nyingi projekta. Bofya kitufe chake mara moja, kisha Windows, Shift na mshale wa kushoto au kulia. Likigoma, weka kishale juu ya kitufe hadi kipicha kidogo kitokee, bofya kulia juu ya kipicha hicho, chagua Move, bonyeza mshale wowote wa kibodi mara moja, halafu sogeza kipanya: dirisha litakifuata.

*Dirisha linaita lakini huoni.* Programu inayotaka uangalizi hubadilisha rangi ya kitufe chake na kuwaka. Kwenye Taskbar behaviors hakikisha Show flashing on taskbar apps na Show badges on taskbar apps zina alama ya tiki. Ya pili ndiyo inayoleta ile namba ya ujumbe usiosomwa.

*Skrini mbili, na kila dirisha linaonekana kwenye pau zote.* Kwenye Taskbar behaviors tafuta When using multiple displays, show my taskbar apps on, uchague Taskbar where window is open. Kila skrini itaonyesha vilivyomo ndani yake tu.

*Mipangilio imefifia na ina maneno kuwa inasimamiwa na shirika lako.* Ni kompyuta ya ofisi iliyowekewa sera. Usihangaike na rejista, yaani hifadhi ya ndani ya mipangilio ya Windows. Mwombe msimamizi wa mifumo.

Kwa mwenye kompyuta nyingi

Mwenye stesheni ya intaneti au maabara ya shule hana haja ya kubofya mashine moja moja. Fungua Notepad, andika mistari hii, hifadhi faili kwa jina upau.bat kwenye flashi:

reg add "HKCU\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Explorer\Advanced" /v TaskbarGlomLevel /t REG_DWORD /d 2 /f
reg add "HKCU\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Explorer\Advanced" /v MMTaskbarGlomLevel /t REG_DWORD /d 2 /f
reg add "HKCU\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Explorer\Advanced" /v TaskbarAl /t REG_DWORD /d 0 /f
taskkill /f /im explorer.exe
start explorer.exe

Mstari wa kwanza ni upau mkuu, wa pili ni wa skrini nyingine. Namba 2 ni Never, 1 ni When taskbar is full, 0 ni Always. Wa tatu unapeleka ikoni kushoto kwenye Windows 11. Miwili ya mwisho inaanzisha upya Explorer, programu inayoonyesha upau na folda, kwa hiyo upau utatoweka sekunde chache kisha urudi, na folda zilizokuwa wazi zitafungwa.

HKCU ni sehemu ya rejista ya mtumiaji aliyeingia wakati huo tu. Ukiingia kwa akaunti ya msimamizi ukaendesha faili, umejibadilishia wewe mwenyewe, na mwanafunzi akiingia kwa akaunti yake atakuta upau wa zamani. Endesha faili ndani ya kila akaunti, kwa mbofyo wa kawaida, bila Run as administrator.

Programu za nje

Zipo zinazokwenda mbali kuliko Windows yenyewe. Windhawk ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Ndani yake kuna nyongeza iitwayo Taskbar Labels for Windows 11, inayokuruhusu kuchagua upana wa kitufe na kuunyoosha ule mstari ujae kitufe chote. Kwa Windows 7 hadi 10, mtengenezaji huyohuyo ana 7+ Taskbar Tweaker. StartAllBack ni ya kulipia na inaurudisha upau wa mtindo wa zamani.

Zote hizi zinagusa sehemu za ndani za Explorer, na sasisho kubwa la Windows huweza kuzivunja: upau unapotea, au unawaka na kuzima. Ukikutwa na hilo, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kufungua Task Manager, endesha kazi mpya kutoka humo, na uifute nyongeza. Kwenye mashine ya kaunta inayopokea wateja tusingeweka hata moja.

Wanaotumia Linux

Linux Mint yenye Cinnamon: bofya kulia kwenye upau, chagua Applets, ondoa Grouped window list, ongeza Window list. Unapata vitufe vyenye majina kwa madirisha yaliyo wazi tu.

KDE Plasma: bofya kulia kwenye orodha ya ikoni, chagua Show Alternatives, kisha Task Manager badala ya Icons-only Task Manager.

Ubuntu ina safu ya ikoni pembeni, yenye vidoti vidogo kwa zilizo wazi, na haina majina. Vidoti vinaweza kukuzwa kwa amri moja kwenye terminali:

gsettings set org.gnome.shell.extensions.dash-to-dock running-indicator-style 'SOLID'

Hiyo inaweka mstari mnene badala ya vidoti. Jaribu pia 'SEGMENTED', ambao unaukata mstari vipande kwa idadi ya madirisha ya programu husika, au 'DASHES'. Kuufanya mstari uchukue rangi ya ikoni yenyewe:

gsettings set org.gnome.shell.extensions.dash-to-dock running-indicator-dominant-color true

Usipopenda matokeo, andika gsettings reset, taja org.gnome.shell.extensions.dash-to-dock na jina la mpangilio bila thamani yake, na mstari utarudi ulivyokuwa.